Mlingoti wa Joubert Park

Jiko la Célestine lilibakiwa na saa chache tu za kuwaka. Mwenyewe alijua, lakini aligeuza samaki wake taratibu kama mtu mwenye mwaka mzima mbele yake, na moshi ukampanda usoni bila kumfanya hata apepese macho.

Ng'ambo ya meza ya bati alisimama Nusaiba Kombo, mkaguzi wa Idara ya Hewa ya jimbo, mzaliwa wa Tanga aliyeletwa Johannesburg angali darasa la tatu. Shingoni alivaa kitambulisho, miguuni buti za kazi, na mkononi alishika kifuko cha majivu kilichofungwa kwa lakiri. Pembeni yake alikuwepo mkaguzi mwenzake, Pacifique wa Bukavu, bonge la mtu mwenye mzaha usiokauka, ambaye asubuhi ile hakuwa na mzaha wowote.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Watoto wa chekechea moja ya Joubert Park walipimwa damu wakakutwa na madini ya risasi, sumu inayokula akili ya mtoto na isiyorudisha ilichokula. Idara ilikuwa na mashine yake juu ya paa la ghorofa lililo jirani na chekechea ile. Mashine huvuta hewa bila kupumzika na kupima vumbi lake, na juu ya mlingoti wake kuna kishale kinachogeuka na upepo. Kila vumbi linapopanda, kompyuta huweka nukta upande ule upepo unakotoka. Nukta zikishakuwa nyingi hujipanga mstari juu ya ramani, kutoka kwenye mashine kumwelekea mkosaji. Mstari wa safari hii ulikata katikati ya jiji, na njiani mwake chenye kutoa moshi kilikuwa kimoja tu: jiko hili la uchochoroni, la mama wa Lubumbashi anayechoma samaki kwa kuni.

Tena kuni zenyewe zilikuwa milango. Milango mizee ya kijani, iliyopasuliwa vipande na kupangwa ukutani. Rangi za zamani zina risasi ndani yake, na maabara ilikuwa imeikuta risasi hiyo kwenye majivu. Mkuu wa idara, Bi Dikeledi Rapoo, alishaweka sahihi: polisi wafike alasiri, jiko lifungwe, mwenye jiko afunguliwe mashtaka. Kufungiwa jiko Célestine angeweza kuvumilia. Mashtaka ndiyo yaliyomtisha, kwa sababu karatasi yake ya ukimbizi ilikuwa inangoja kuongezwa muda, na mtu mwenye kesi ya jinai huambiwa arudi alikotoka. Kule alikotoka hakubakiwa na nyumba wala mtu.

"Milango hii anakuletea nani, Mama Célestine?" Nusaiba aliuliza.

"Kaka moja ya Newtown, mutu ya Daresalamu. Analetaka na bakkie yake nyeupe. Bure. Anasema ni juu ya Mungu."

Pacifique akaguna. Katika jiji ambalo hata choo cha stendi unalipia, mtu mwenye pikapu anagawa kuni bure? Célestine alieleza kwamba zamani alitumia mkaa tu. Milango ilianza kuja baridi ya mwaka huu ilipoingia, naye akaipokea kama mtu yeyote mwenye watoto angeipokea.

Nusaiba aliuliza saa anazowasha moto, nani humsaidia, nani ana ufunguo. Maswali ya kawaida, ya kujaza nafasi. La mwisho alilitupa tu wakati anageuka kuondoka: Jumapili hupata wateja wengi?

"Dimanche? Miye dimanche sipikake, mama. Ile siku ni ya Mungu. Asubuhi mpaka giza tuko ku kanisa, sisi bote. Jiko inalala."

Nusaiba akasimama pale pale. Grafu ya mashine aliikariri mpaka angeweza kuichora akiwa amefumba macho, na kilele chake kirefu kuliko vyote kilikuwa Jumapili. Kila Jumapili. Akamtazama Pacifique, na Pacifique naye alikuwa amekwisha kuacha kutafuna alichokuwa anatafuna.

Alimpigia Bi Dikeledi akiwa bado uchochoroni. Mkuu yule alikuwa mtu wa haki, ila haki yake ilitaka ushahidi uliosimama wima. Alijibu kwamba makaa yanaweza kubaki na moto, mtu mwingine anaweza kuwasha, na shahidi wa kanisani ni yule yule mshtakiwa na ndugu zake. Mashine haina kabila wala dhehebu. Kama Nusaiba anataka kuibishia, basi aende akaikague mashine yenyewe, akute ugonjwa wake, na amletee kabla ya alasiri. La sivyo polisi wanakwenda.

"Amesema nini?" Pacifique aliuliza.

"Amesema twende tukaibishie mashine."

"Eish," alisema Pacifique, akakimbilia gari.

*

Lifti ya ghorofa lile iliharibika zamani kiasi kwamba wapangaji waliigeuza stoo. Wakapanda ngazi, Pacifique akihema na kumlaumu kila aliyewahi kubuni ngazi, hadi wakatokea juu kwenye jua kali la kipupwe na baridi inayouma masikio.

Paa lilikuwa na maisha yake. Matangi ya maji ya chuma yalijipanga upande mmoja, madishi ya televisheni upande mwingine, na nguo zilizoanikwa zikipiga makofi kwa upepo. Kwenye kona palitandikwa mikeka, na mbele ya mikeka ulichorwa sakafuni mshale mkubwa wa kijani. Hapo ndipo walinzi na wachuuzi Waislamu wa jengo zima walipokutana kuswali. Katikati ya vyote ilisimama mashine ya Idara ndani ya kibanda chake cheupe, na ubavuni mwake mlingoti.

Seif aliwasubiri na funguo. Alikuwa fundi wa kampuni iliyopewa kazi ya kuitunza mashine, mtu wa Tanga mjini, mpole, mwenye ovaroli safi kuliko ovaroli yoyote ya fundi. Alimwamkia Nusaiba kwa uchangamfu, akamuuliza habari za mama yake, na kwa dakika nzima mtu angedhani wako barazani Ngamiani, kule Tanga.

Kisha kazi ikaanza. Nusaiba alipima kwanza nguvu ya pampu, maana pampu ikivuta hewa pungufu mahesabu yote ni uongo. Pampu ilikuwa nzima. Akapima usahihi wa saa ya mashine, akaukuta. Akavaa glavu, akaitoa karatasi ya kuchujia kwa koleo ndogo bila kuigusa kwa kidole, akaitia kwenye bahasha yake, akaifunga kwa lakiri, Pacifique akaandika jina la Nusaiba juu ya lakiri ili mtu yeyote atakayeifungua ajulikane. Karatasi ilikuwa nyeusi. Mashine haikuwa na ugonjwa. Kila alichokipima kilikuwa sawa, na kila usawa ulizidi kumfunga Célestine.

Ndipo alipofika kwenye mlingoti, akainama, na kuona kwamba boliti za chini zilikuwa na mikwaruzo mipya.

"Kaka Seif, mlingoti huu umefunguliwa."

Seif alifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Ile dhoruba ya mvua ya mawe iliuangusha, dada. Nikausimamisha."

"Uliripoti?"

"Niliripoti kwamba nimetengeneza."

"Uliripoti kwamba ulianguka?"

Nusaiba aliinuka, na ule uchangamfu wa barazani ukamtoka usoni. Mtu akiugeuza mlingoti, kishale kinageuka nao, na mstari wote unahamia kwa mtu mwingine. Mwenye kiwanda chenye kosa angemhitaji mtu mmoja tu: fundi mwenye spana na funguo za paa.

"Nani alikutuma uugeuze?"

"Wallahi hakuna, dada. Niliogopa kampuni itasema sikuufunga vizuri, ndiyo maana sikulitaja. Lakini niliurudisha vile vile. Ule mkono wa chuma unatazama kaskazini kwa huku na kusini kwa huku. Kama ulivyokuwa."

Juu ya mlingoti, kweli, palikuwa na mkono wa chuma uliolala, ncha moja imepakwa rangi nyekundu kuonyesha kaskazini. Kishale huhesabu upepo kwa kuufuata mkono ule. Pacifique alitoa simu ili ahakikishe kwa dira, lakini dira ilizunguka, ikasimama, ikazunguka tena. Matangi ya chuma na mitambo ya lifti iliyokufa iliivuta kila upande.

"Hii simu imelewa," alisema. "Sasa mi naona kaskazini iko tatu."

Simu ya Seif ikaadhini. Ilikuwa adhuhuri. Seif aliomba ruhusa ya kuswali kwa sauti ya mtu anayedhani labda ndiyo mara yake ya mwisho kuswali akiwa huru, na Nusaiba, ambaye alishamtuhumu moyoni, alitoa mtandio wake kwenye begi akasema naye ataswali. Seif akasimama mbele, kwenye ncha ya mshale wa kijani. Nusaiba akasimama nyuma kwenye mkeka wa pembeni, na kabla ya kuinua mikono akatupa jicho sakafuni kutafuta pa kusujudia.

Akaona vivuli.

Aliswali. Kama akili yake ilichepuka rakaa za mwisho, hayo ni yeye na Mola wake. Lakini baada ya salamu tu alikuwa amekwisha kusimama, mtandio bado kichwani, anamwita Pacifique kwa mkono.

"Jua la hapa likifika juu kabisa linakuwa upande gani?"

"Kaskazini," Pacifique alisema. "Ndio maana blanketi zinaanikwa kwa balkoni za kule."

"Kaskazini barabara. Na kivuli?"

"Kinaanguka kusini."

"Sasa hivi jua ndiyo limepindua. Angalia kivuli cha mlingoti."

Wakakitazama. Jua la kipupwe lilikuwa chini, na kivuli cha mlingoti kililala kirefu juu ya zege. Mkono wa chuma nao uliangusha chake. Kama mkono ungekuwa umelala kaskazini na kusini, vivuli viwili vingefunikana vikawa mstari mmoja. Havikufunikana. Vilipishana wazi wazi, kama mkasi uliofunguliwa kidogo.

Pacifique alichuchumaa kuvitazama kwa karibu.

"Sasa angalia mshale wa mikekani," Nusaiba alisema.

Mshale wa kijani na mkono wa chuma vilielekea upande mmoja, sawasawa, kana kwamba kimoja kilipimwa kwa kingine. Na ndivyo ilivyokuwa. Nusaiba alimgeukia Seif, na safari hii hasira ilikuwa imemtoka, imebaki shauku tupu iliyomfanya ashindwe kusimama mahali pamoja.

"Kaka Seif, siku ile ulipouinua, kaskazini uliipata vipi?"

Seif alitazama mlingoti, akatazama mkeka. Rangi ya uso ikaanza kumbadilika. "Dira ilikuwa inazunguka kama hii ya kaka. Nikasema mshale wa kibla si upo? Walioupima ni mashekhe, hawakosei. Dada, si unajua kwetu..."

"Kwetu Tanga ukisimama kibla umesimama kaskazini," Nusaiba alimalizia. "Najua. Msikiti wa mtaani kwetu ungeweza kuutumia kama dira. Makka iko juu yetu moja kwa moja. Lakini hapa tumekuja kusini na tumesogea magharibi, Kaka Seif, mbali kabisa. Makka ya hapa inalalia mashariki kidogo. Upana wa ngumi na nusu, ukinyoosha mkono."

Seif aliketi kwenye ukingo wa tangi. Miaka yote aliyokaa Johannesburg alikuwa ameufuata mshale ule bila kuwaza kwamba dunia imegeuka chini ya miguu yake. Alichouliza kwanza hakikuwa habari za kazi.

"Basi na sala zetu..."

"Sala zenu ziko sawa. Mshale uko sawa. Ulichokipotosha ni upepo."

Pacifique alishafungua kompyuta yake ndogo juu ya kifuniko cha tangi. Aliushika ule mstari wa nukta juu ya ramani akauzungusha kufuata mwendo wa saa, ngumi na nusu. Mstari ukauacha uchochoro wa Célestine, ukapita juu ya paa baada ya paa, ukaingia Newtown. Ili asijidanganye, akafungua pia vumbi lililopimwa kabla ya dhoruba, wakati mlingoti haujaanguka. Mstari wa zamani, ambao hakuna aliyewahi kuutafutia mwenyewe, ulilala pale pale. Newtown.

"Kaka moja ya Newtown," Pacifique alisema polepole. "Na bakkie nyeupe."

Hakuna aliyelalamikia ngazi wakati wa kushuka.

*

Mtaa wa maghala ulikuwa nyuma kidogo ya pale wageni wanaponunua vinyago na vitambaa. Robot ya mwisho, taa za barabarani, waliipita ikiwa imebadilika kuwa nyekundu, na Nusaiba, mtumishi wa serikali asiye na hata faini moja, alijifanya hakuiona.

Mstari wa ramani ulipita juu ya maghala kadhaa, kwa hiyo wakaegesha gari wakatembea. La kwanza lilikuwa la viatu, milango wazi, watu tele. La pili lilikuwa tupu. La tatu lilikuwa na bango la ukarabati wa masofa, madirisha yaliyozibwa kwa matofali, na bomba jembamba la moshi lililojificha nyuma ya tangi la maji.

"Fundi sofa anapika nini?" Pacifique aliuliza.

Nusaiba alikuwa amekwisha kuchuchumaa. Chini ya geti yalitoka maji kidogo yakifuata mfereji wa barabarani. Mahali yalipopita zege lilikuwa limelika hadi kokoto zikatokeza, na majani ya ukingoni yalikufa yakawa meupe. Alichovya kikaratasi cha kupimia asidi. Kikawa chekundu mara moja. Kati ya kokoto aliokota kipande cha plastiki nyeusi, nene, kilichovunjwa kwa nyundo, na hapo akajua.

Miaka ya mgao wa umeme jiji zima lilinunua betri ili taa na televisheni zisizimike. Sasa betri zile zilikuwa zinakufa, na tumbo la kila moja limejaa risasi. Kuziyeyusha ni kazi halali kwa mwenye leseni ya hewa, na mwenye leseni lazima ajenge mnara wa kuchuja moshi na kukaguliwa kila mwaka. Leseni ya namna hiyo haikuwepo hata moja katikati ya jiji. Nusaiba alizijua zote, kwa sababu kuzikagua ndiyo ilikuwa kazi yake.

Geti likafunguka kabla hawajabisha. Alitoka mwanamume mtanashati, shati limepigwa pasi, manukato yanamtangulia. Alijitambulisha kwa jina la Karimu, mtoto wa Ilala, Dar es Salaam, akawakaribisha kwa tabasamu pana na kumwita Nusaiba dada yangu wa nyumbani. Aliwapa hata viti vya nje. Ndani hakuwakaribisha.

"Unatengeneza nini humu, Kaka Karimu?"

"Masofa tu, dada. Mbao, sponji, gundi."

"Na asidi hii?"

"Ya kutolea madoa ya vitambaa."

"Tunafuatilia risasi kwenye hewa. Kuna watoto wameumia."

Karimu alitikisa kichwa kwa masikitiko yaliyomkaa vizuri. "Nimesikia, inauma sana. Lakini hapa mnajichosha bure. Mshikeni yule mama Mkongo anayechomea samaki kwa milango ya rangi za zamani. Rangi zile ndizo zenye risasi. Kila mtu anajua."

Furaha ilimpanda Nusaiba kwa ghafla mno, ikabidi atazame chini ili uso usimsaliti.

"Habari za milango umezipata kwa nani?"

"Watu wanasema."

"Watu gani? Majivu niliyachukua mimi, na majibu ya maabara yako kwangu na kwa mkuu wangu. Hatujamwambia mtu."

Tabasamu la Karimu lilibaki mahali pake, ila macho yalikimbia. Yalikimbilia upande wa kushoto, ilikoegeshwa bakkie nyeupe, na Pacifique aliyafuata. Alitembea bila haraka, akainama kwenye sanduku la nyuma, akarudi na kiganja wazi. Juu ya kiganja palikuwa na magamba ya rangi ya kijani.

"Wewe ulikuja kwenye mkutano wetu na wakazi," Nusaiba alisema. "Mwanzoni mwa kipupwe. Uliuliza maswali mazuri, sasa nakukumbuka. Tulitaja vitu viwili vinavyotoa risasi mjini hapa: rangi za zamani na betri. Leo umekumbuka rangi tu."

Karimu aliacha kumwita dada. Alitaka hati ya mahakama. Nusaiba alimweleza, kwa adabu zote, kwamba nyumba ya kuishi ndiyo inayohitaji hati, lakini mahali pa biashara mkaguzi anaingia kwa kitambulisho chake. Akamuuliza: humu wewe unalala?

Karimu alilitafuna swali. Akisema ndiyo, ana mengine ya kujibu, maana kulala ghalani hairuhusiwi.

"Silali," alisema.

"Basi fungua."

Tanuri lilikuwa nyuma ya ukuta wa masofa yaliyopangwa hadi juu, masofa ambayo hakuna aliyewahi kuyakarabati. Lilitengenezwa kwa pipa la mafuta na matofali, na lilikuwa bado na joto. Kushoto kwake betri zilizopasuliwa zililundikwa hadi begani kwa mtu, na kulia mikate ya risasi iling'aa, imepoa, imepangwa vizuri kwa ajili ya kuuzwa. Pacifique alisimama katikati ya lile vumbi la kijivu, akasema kwa sauti ndogo kwamba sasa anaelewa zile Jumapili. Siku nyingine mtaa una watu. Jumapili maghala yote yanafungwa, na mtu anaweza kupika apendavyo, wakati mwanamke aliyebebeshwa mzigo wake yuko kanisani anaimba.

Nusaiba alitaka kupiga kelele. Badala yake alivaa glavu mpya. Alipangusa ukuta kwa kitambaa safi cha sampuli, akakifunga, akapangusa mdomo wa bomba, akakifunga. Picha, lakiri, jina. Picha, lakiri, jina. Kesi nyingi hufa mahakamani kwa sababu mkaguzi alifurahi kabla ya kufunga mifuko, na hii aliapa haitakufa.

Askari wa jiji walipofika kumzuia Karimu ndipo alipompigia Bi Dikeledi. Alimweleza kila kitu kwa pumzi moja: vivuli, mshale, ngumi na nusu, tanuri. Kisha mkuu yule akasema anaifuta amri ya Célestine sasa hivi, Seif arudi juu leo hii akaunyooshe mlingoti kwa jua na si kwa kitu kingine, na kuna tatizo moja. Polisi walishaondoka kituoni, na sajini wao hapokei simu.

Nusaiba alimwachia Pacifique mifuko na ghala, akachukua funguo za gari.

*

Alipoingia uchochoroni gari la polisi lilikuwa limeziba njia. Sajini alisimama kando ya meza ya bati, utepe wa njano wa kufungia umemning'inia kwenye mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika kipande cha samaki. Simu yake iliita mfukoni bila kupata mkono wa kuipokea. Alipoona kitambulisho cha Nusaiba alimeza haraka, akaeleza kwamba mama mwenyewe ndiye aliyewagawia, ili samaki wasiharibike.

Jiko lilikuwa limezimwa. Lililowa chapachapa, majivu yamegeuka tope, na kuni za kijani zimesukumwa mbali. Sufuria zilishafungwa ndani ya kitenge. Célestine aliketi kwenye benchi, karatasi yake ya ukimbizi mapajani ndani ya plastiki, ameishika kwa mikono miwili.

Nusaiba alimweleza sajini kwanza, kwa Kiingereza na kwa ufupi, hadi utepe ukarudi garini. Halafu akaketi kwenye benchi, akamwambia Célestine kwa Kiswahili kwamba si yeye. Kwamba mashine ilikuwa imegeuzwa kwa bahati mbaya, na mtu aliyemletea milango alikuwa anamletea kesi. Hakutakuwa na mashtaka. Milango ile wataichukua iwe ushahidi, na asichome mwingine kamwe, kwa sababu sumu yake ndogo ni sumu vile vile.

Célestine alisikiliza yote. Hakulia wala hakushukuru. Alitazama jiko lililolowa.

"Nimeizima miye mwenyewe," alisema. "Sikutaka bakuje kuizimia mbele ya batu."

Roho ilimuuma Nusaiba kuliko alivyotarajia, maana zile karatasi nyeusi zilizowaleta polisi hapa zilikuwa zimepita mikononi mwake, moja baada ya nyingine, zikiwa na jina lake juu ya lakiri.

Akauliza kama mkaa bado upo.

Ulikuwepo, nusu gunia, chini ya meza. Nusaiba alikwangua tope, akapangusa jiko kwa gazeti, akapanga mkaa, akawasha kibiriti. Katika maisha yake ya kazi alikuwa amezima matanuri, madampo na mabomba ya viwanda, na hakuwahi kuwasha hata kimoja. Alipiga magoti chini na buti zake za serikali, akapuliza. Moshi ukampanda usoni, akakohoa, akapuliza tena. Sajini akaiacha simu yake iite, akatazama.

Pembe ya mkaa mmoja ikawa nyekundu, ikaambukiza wa pili.

Célestine aliirudisha karatasi yake kifuani, akainuka, akaanza kufungua kitenge cha sufuria.